Kutoka Nyoka wa Syokimau hadi Umbo la Kidijitali: Istilahi za Kiswahili katika Utambazaji wa Mwili wa Binadamu

Utangulizi

Miongoni mwa Wakamba husimuliwa kwamba kabla ya wageni kutoka Ulaya kufika Ukambani, alikuwepo nabii wa kike aliyeitwa Syokimau. Nabii huyo alitabiri kuja kwa nyoka mrefu ambaye angetoka kwenye maji ya mashariki akaenda hadi maji ya magharibi, pamoja na watu wenye ngozi nyekundu kama nyama ambao wangetembea wakiwa na moto mifukoni. Baadaye nyoka alieleweka kuwa ni reli, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi mwaka wa 1899 na Kisumu mwaka wa 1901. Moto wa mfukoni ulieleweka kuwa ni kiberiti. Leo jina la nabii huyo limebaki kuwa jina la mtaa wa Kaunti ya Machakos unaopakana na jiji la Nairobi, na nyoka wake hajauhama. Stesheni ya reli ya Syokimau ilifunguliwa Novemba 2012, na Mei 2017 ikafunguliwa papo hapo stesheni kuu ya Nairobi ya reli ya kisasa.

Masimulizi haya kwa kawaida husomwa kama kisakale. Hata hivyo, yanaweza pia kusomwa kwa jicho la mwanaisimu. Syokimau alikabiliwa na tatizo ambalo kila muundaji wa istilahi hukabiliwa nalo: alihitaji kutaja kitu ambacho wasikilizaji wake hawakuwa wamekiona na ambacho lugha yake haikuwa na jina lake. Alichofanya ni kuchukua maneno yaliyokuwepo (nyoka, moto, nyama) akayapanua maana. Kiswahili kilipokifikia kitu kile kile baadaye, kilishika njia nyingine. Kiliunganisha maneno kikapata garimoshi, kisha kikakopa treni na reli.

Jambo la pili kuhusu Syokimau ni kwamba sura yake haijulikani. Aliishi kabla ya kamera kufika Ukambani, na kilichohifadhiwa ni maneno yake. Watu wanaoshuka leo katika stesheni yenye jina lake wako katika hali iliyo kinyume kabisa. Kwa bei isiyozidi ile ya simu nzuri, mtu yeyote anaweza kununua kifaa cha kushikwa mkononi kinachoweza kuuzunguka mwili wa binadamu na kuuhifadhi katika kompyuta kwa vipimo vyake vyote vitatu, yaani urefu, upana na kina. Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kukitaja kifaa hicho, kitendo chake na kile kinachopatikana kutokana nacho. Hoja kuu ni kwamba uteuzi wa istilahi hapa si suala la kupamba kamusi. Anayesimama mbele ya kifaa hulikubali jambo kadiri anavyolielewa neno alilotajiwa.

Kifaa na utendaji wake

Kwa muda mrefu vifaa vya aina hii vilikuwa mali ya viwanda na maabara zenye fedha. Mabadiliko makubwa yalitokea Novemba 2010, kampuni ya Microsoft ilipouza Kinect, kifaa cha michezo ya video kilichokuwa na kamera ya kupima kina. Mwaka uliofuata watafiti wa kampuni hiyo walionyesha kupitia mradi wa KinectFusion kwamba kifaa hicho cha michezo kingeweza kuzungushwa kwa mkono na kujenga umbo kamili la chumba au la mtu. Mwaka wa 2013 kampuni ya 3D Systems ya Marekani ilitoa skana ya mkononi iliyoitwa Sense kwa bei ya dola 399. Kuanzia mwaka wa 2020 baadhi ya simu za iPhone zimekuwa na kihisio cha kupima kina mgongoni.

Utendaji wa skana nyingi za bei nafuu unaelezeka bila hisabati nyingi. Kifaa hurusha mwanga usioonekana kwa macho, ukiwa katika mpangilio maalumu wa nukta. Mwanga huo ukitua juu ya pua hupindika tofauti na unavyopindika ukitua juu ya shavu. Kamera iliyo kando ya chanzo cha mwanga huutazama upindaji huo, na kwa kuwa umbali kati ya kamera na chanzo unajulikana, kompyuta hukokotoa umbali wa kila nukta. Mwendeshaji humzunguka mtu polepole na nukta zikajilimbikiza kuwa wingu. Kisha nukta huunganishwa kwa pembetatu ndogo ndogo hadi upatikane wavu unaofanana na ngozi. Skana kama Sense, ikiwa umbali wa nusu mita, hutofautisha mambo ya ukubwa wa takriban milimita moja. Kunyanzi nyembamba ya uso huipita.

Udhaifu wake una umuhimu kwa mjadala huu. Mtu anayetambazwa hupumua na kuyumba, na kila anapoyumba wingu la nukta hutengana. Makwapa, nyuma ya masikio na chini ya kidevu ni mahali ambapo mwanga haufiki vizuri. Nywele nyeusi huumeza mwanga huo badala ya kuurudisha. Hivyo, kichwa chenye misuko iliyochukua saa nne kusukwa kinaweza kutoka katika kompyuta kikiwa na mashimo. Programu huyaziba mashimo hayo kwa kukisia kutokana na nukta za jirani. Kwa maneno mengine, umbo linalopatikana lina sehemu zilizopimwa na sehemu zilizobuniwa, na jicho la kawaida haliwezi kuzitenga. Mwanafunzi wa fasihi atakumbuka tatizo la mwandishi wa wasifu, ambaye naye huziba mianya ya maisha ya mhusika wake kwa kukisia, ingawa mwandishi wa wasifu angalau huweza kuulizwa.

Matumizi yanayojulikana zaidi duniani yalimhusu mtu ambaye Wakenya humhesabu kuwa wao. Mwaka wa 2014 taasisi ya Smithsonian ya Marekani iliuhifadhi uso wa Rais Barack Obama kwa mitambo ya taa na kamera, huku skana za mkononi (za bei kubwa kuliko zinazozungumziwa hapa) zikitumiwa kuchukua kichwa na mabega. Sanamu ya kifua iliyochapishwa kutokana na kazi hiyo iliingizwa katika makumbusho ya taifa ya picha za watu. Obama alikuwa na mawakili wa kumweleza kilichokuwa kikichukuliwa. Mfano wa Afrika Mashariki unawahusu watu wasiokuwa na mawakili.

Mguu wa Kisubi

Katika hospitali ya CoRSU iliyoko Kisubi, kwenye barabara ya kutoka Kampala kwenda Entebbe nchini Uganda, mafundi wa viungo bandia walishirikiana katika miaka ya 2014 na 2015 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto pamoja na shirika la cbm la Kanada katika jaribio la kutumia skana ya mkononi. Waliolengwa zaidi walikuwa watoto waliokatwa mguu. Utaratibu wa zamani humtaka fundi aifunge kwa bendeji zenye plasta ya jasi ile sehemu ya mguu iliyosalia, asubiri ikauke, aivue, amimine jasi nyingine ndani ya kalibu hiyo, kisha achonge na kusawazisha hadi apate soketi, yaani kikombe ambamo sehemu iliyosalia hutumbukizwa. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na mtoto hukua haraka kuliko soketi yake. Akikua, yote huanza upya.

Skana iliondoa hatua ya jasi. Fundi alizunguka sehemu ya mguu kwa dakika chache, akarekebisha umbo katika kompyuta, na mashine ikalichapisha kwa plastiki. Ujuzi wa fundi haukuondolewa, kwa sababu ni yeye anayejua mahali pa kubana na mahali pa kulegeza. Baadaye teknolojia hiyo ilijaribiwa pia Tanzania, nchi ambayo chuo chake cha TATCOT kilichoko Moshi kimewafunza mafundi wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika tangu miaka ya 1980.

Kisubi lugha ya mgonjwa huenda ikawa Kiganda, lakini Moshi mazungumzo kati ya fundi na mgonjwa ni ya Kiswahili, na jaribio kama hilo likifanywa Machakos yatakuwa ya Kiswahili au Kikamba. Hapo ndipo istilahi inapohitajika. Fundi amesoma kwa Kiingereza, mashine inaonyesha Kiingereza, na mama aliyembeba mtoto anauliza, “Mnamfanya nini?”

Jina la kifaa na la kitendo

Kwa kifaa chenyewe, neno skana limekwisha kukubalika masokoni na maofisini, na hakuna sababu ya kuligombeza. Historia ya tarakilishi na ngamizi yafaa kuwa fundisho kwa waundaji: maneno yote mawili yalibuniwa kwa ustadi, lakini kompyuta ndiyo iliyobaki vinywani mwa wengi. Katika vigezo tisa vya kutathmini istilahi vilivyopendekezwa na Kiingi, vinavyojulikana kwa akronimu ya PEGITOSCA, kukubalika ni kimoja tu. Lakini ndicho ambacho soko hukipima bila kumwomba mtaalamu ruhusa.

Kitendo ndicho chenye utata. Baadhi ya programu za simu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili hutumia kuchanganua. Istilahi hii inapotosha. Kuchanganua ni kutenganisha kitu katika sehemu zake ili kukielewa, kama mwanasarufi achanganuavyo sentensi. Skana haielewi chochote. Inapokea mwanga tu. Mgonjwa akiambiwa mguu wake utachanganuliwa, ana haki ya kutarajia kwamba atapewa majibu, kama ilivyo kwa damu iliyopelekwa maabara.

Wapo wanaopendekeza kutambaza. Kitenzi hiki kimetokana na kutambaa kwa kuongeza mnyambuliko wa kutendesha, na kwa skana ya mkononi kinafaa kuliko kwa skana ya mezani, kwa sababu mwanga hutambaa kweli juu ya mwili jinsi mkono wa mwendeshaji unavyosogea. (Kutambaa ni mwendo wa nyoka, na hivyo Syokimau angelielewa neno hili mara moja.) Kinakidhi pia kigezo cha uzalishaji, maana kinatoa mtambazaji, utambazaji, kutambazwa na tambazo. Kasoro yake ni ugeni. Msikilizaji wa kawaida anaposikia “mtoto atatambazwa” huenda akamwona mtoto akiwekwa sakafuni.

Lugha ya mtaani imekwisha kuchagua kupiga skani, kwa mfano wa kupiga picha, kupiga pasi na kupiga simu. Muundo huu una nguvu kubwa katika Kiswahili na hauna budi kuheshimiwa. Hata hivyo, una mtego mmoja unapohusisha hatua ya mwisho ya kazi, ile ya mashine kulitoa umbo kwa plastiki. Kuchapa ni kupiga chapa, lakini pia ni kupiga kwa kiboko. Fundi akimwambia mtoto wa miaka sita, “Tukimaliza hapa tutakuchapa,” hatashangaa mtoto akishuka mezani kwa mguu mmoja. Kuchapisha kunaepusha kicheko hicho, na kunafaa zaidi kikipewa yambwa lisilokuwa mtu: huchapishwa soketi, hachapishwi mtoto.

Jina la kinachopatikana

Ugumu mkubwa zaidi uko katika kuitaja ile hali ya tatu, yaani kile kinachobaki ndani ya kompyuta mtu mwenyewe akishaenda zake. Picha halitoshi, kwa kuwa picha ni bapa na haiwezi kuzungushwa ili kisogo kionekane. Kielelezo hutumiwa sana kwa maana ya modeli, lakini neno hilo hubeba pia maana ya mfano wa kuigwa. Mtu anaweza kuwa kielelezo cha subira bila kutambazwa. Taswira limekwisha kumilikiwa na wahakiki wa fasihi, ambao wangelia kuona linahamishiwa hospitalini.

Sanamu linastahili kutazamwa kwa makini, hasa kwa kuwa Machakos ni nchi ya sanamu. Wamunyu, katika kaunti hiyo hiyo, ndiko ulikoanzia uchongaji wa kibiashara wa Wakamba, unaohusishwa na Mutisya Munge, aliyejifunza ufundi huo Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Lakini mzee wa mpingo anayechongwa Wamunyu si mzee fulani. Ni mzee yeyote, hana jina, na anaweza kuuzwa kwa mtalii bila mtu kudai kwamba ameuzwa yeye. Vivyo hivyo kinyago. Kinachotolewa na skana, kwa upande mwingine, ni cha mtu mmoja tu duniani. Zaidi ya hayo, katika miji ya pwani ambako mafundi wa milango walichonga maua, minyororo na samaki lakini si watu, neno sanamu likitumiwa juu ya mwili wa mtoto linaweza kuzua maswali ya kidini ambayo fundi wa miguu hakuyakusudia. Ni vyema neno hilo libaki kwa kile kilichochapishwa na kusimamishwa mezani, kama kifua cha Obama.

Sura na umbo ndiyo maneno yanayosalia. Sura limetoka Kiarabu, na katika Kiswahili limekutana kwa matamshi na neno jingine la Kiarabu lenye maana ya sehemu ya kitabu, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huona kwamba uso na mlango wa kitabu vina jina moja. Kwa kuwa sura huelekea usoni, haifai kwa mguu. Umbo limetokana na kitenzi cha Kibantu kuumba, chenye jamaa kama maumbile na Muumba. Lina faida mbili. Kwanza, hueleza kile hasa ambacho skana inakipata, yaani mipaka ya nje ya mwili, bila kudai kwamba imempata mtu. Pili, humtaka mwenye nalo: hakuna umbo tupu la mtu, kuna umbo lake. Kimilikishi hicho kina uzito wa kisheria, kama itakavyoonekana.

Ngeli nayo ina la kusema. Katika Kiswahili viumbe hai huvuta upatanisho wa A-WA hata majina yao yawe na umbo la ngeli nyingine: kijana amekuja, kipofu ameketi. Sanamu na kinyago, japo vina macho na pua, havipewi heshima hiyo. Sanamu imeanguka, kinyago kimeanguka. Umbo la kidijitali likiwa limetulia kwenye skrini, hakuna shaka kwamba limesimama. Lakini likishatiwa mifupa na programu na kupelekwa katika mchezo wa video, wachezaji hawasemi limekufa. Husema amekufa. Upatanisho hubadilika pale pale ambapo umbo linaanza kufanya mambo ambayo mwenyewe hakuyafanya, na kwa hakika hakuna onyo lililo bora kuliko hilo ambalo sarufi yenyewe hulitoa.

Ridhaa na maneno yake

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka wa 2019 inataka ridhaa ya mhusika iwe ya wazi, ya hiari, mahususi na yenye kutokana na kufahamishwa. Katika kufafanua data za kibayometriki, sheria hiyo inataja alama za vidole, DNA, utambazaji wa retina na hata jiometri ya ndewe ya sikio. Bunge, bila ya kutaja skana za mkononi, limekwisha kukiri kwamba umbo la kipande kidogo cha mwili ni mali inayolindwa. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka wa 2022 na kuiita Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Tofauti ya majina haya mawili haistahili kupuuzwa. Data ni neno la wataalamu. Binafsi humwambia msikilizaji mara moja kwamba jambo linamhusu. Katika hili Watanzania wameshinda.

Kwamba ridhaa inaweza kuwa jina tupu kulidhihirika Nairobi mwaka wa 2023. Watu wengi walipiga foleni katika jumba la KICC ili macho yao yatazamwe na kifaa cha mradi wa Worldcoin, wakapewa sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali iliusimamisha mradi huo nchini Agosti mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data zilizokusanywa zifutwe. Walioshika foleni walijua walichopewa. Walichotoa kilikuwa na jina kwa Kiingereza tu.

Fundi wa viungo bandia hana sarafu ya kumrubuni mtu, ila ana kitu kikubwa zaidi: mguu. Mtu anayehitaji mguu atakubali lolote. Kwa sababu hiyo kitenzi anachokitumia fundi kina dhima nzito. Akisema, “Nitakupima,” amesema kweli, lakini amesema nusu. Kupima ni kitenzi cha mshonaji na cha daktari. Kipimo kikishatumika, akili ya msikilizaji hukiacha. Hakuna anayefikiri kwamba utepe wa mshonaji unabaki na kiuno chake. Akisema, “Nitachukua umbo la mguu wako,” msikilizaji husikia kwamba kuna kinachoondoka, na swali la pili huja lenyewe: kinapelekwa wapi?

Maelezo ya ridhaa kwa Kiswahili yanaweza kuwa mafupi na yakatosha: “Kwa skana hii nitachukua umbo la mguu wako. Umbo hilo litakaa katika kompyuta hii. Nitalitumia kutengeneza soketi yako, na si kwa kazi nyingine bila kukuuliza. Ukitaka nilifute, nitalifuta mbele yako.” Hapa hakuna istilahi ngeni isipokuwa skana na soketi, na zote zinaweza kuonyeshwa kwa kidole. Nafsi ya kwanza imekusudiwa. Nyaraka nyingi za aina hii hupendelea kauli ya kutendwa, ambayo humficha mtenda. Kwa kitenzi hiki kauli hiyo ina hatari nyingine ambayo mchapaji asiye makini anaweza kuisababisha kwa herufi moja: umbo litafutwa ni ahadi kwamba litaondolewa, ilhali umbo litafutwe ni amri kwamba watu wakalisake.